Udongo wa Wambaa na Makopo ya Bi Time

Tangu nishuke melini hamnipi nafasi ya kupumua. Nikikaa barazani na kikombe changu cha kahawa, mmoja ananiuliza, "Ehe, Pemba kulikoni?" Mwingine anataka kujua kama ni kweli nimelishwa muhogo mpaka nikaota mizizi. Namsimulia huyu kipande, yule kipande, na kesho yake hadithi yangu inanirudia ina mkia na pembe. Basi naandika yote mara moja, msomeane, na atakayecheka pasipo pa kucheka ajue nitamkumbuka.

Kazi yangu mnaijua, ingawa mnaidharau. Namtumikia yule Mzungu mpima ardhi ya chini, tunayemwita Bwana Mawe. Mimi ndiye ninayeroweka udongo wake, nauchemsha na magadi, naupitisha kwenye chekecheke la waya mwembamba, kisha nachagua kwa ncha ya unyoya kile kinachobaki. Kinachobaki ni vigamba vya viumbe vya baharini, vidogo kuliko ufuta, na huvioni sawasawa mpaka utie jicho kwenye hadubini. Mnasema nalipwa kucheza na matope. Haya, subirini.

Vigamba hivi vina zama zao, kama kanga. Dada zenu wakiona kanga ya zamani sandukuni kwa bibi, hawaulizi; wanatazama maua yake wanasema, "Hii ilitoka mwaka aliozaliwa fulani." Na bahari ni hivyo hivyo. Kila zama ilikuwa na vigamba vya sura yake, ikapita, vikaja vingine. Ukivikuta ndani ya udongo uliogeuka jiwe, umejua udongo ule ulilala chini ya bahari zama gani.

Sasa Wambaa, kusini ya Pemba, kumeonekana ukanda mweusi kwenye ukingo wa pwani, na Kampuni moja ya bara ikapata ruhusa ya kutafuta makaa ya mawe. Makaa yenyewe hayasemi umri wake, ni miti iliyooza tu. Lakini chini yake na juu yake kuna udongo wa bahari. Vigamba vikiwa vya zama za kale sana, makaa yamekandamizwa vya kutosha, yanafaa kuchimbwa. Vikiwa vya juzi juzi, kwa hesabu ya mawe, basi ule ni mkaa mchanga, haujakomaa, unatoa moshi tu kama kuni mbichi, na Kampuni ifunge virago.

Na juu ya ukingo ule ule ipo safu ya mikarafuu ya mjane mmoja, Bi Time. Ndiyo riziki yake yote. Kwa hiyo msiseme matope.

Unguja hadi Wete

Meli sina la kuisifu. Nilikaa baina ya kapu la kuku na mzee aliyekuwa akitapika kwa adabu, kila mara akiniomba radhi kabla. Bwana Mawe alikuwa juu, kwenye kiti. Tulipofika Wete, wakati wa kushuka, akateleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mguu. Akapelekwa nyumba ya wageni, mguu juu ya mto, hadubini mezani, na mimi nikaambiwa, "Utakwenda wewe. Niletee udongo wa juu na wa chini ya ule ukanda. Kwangua ngozi ya nje kwanza, uchukue wa ndani, safi."

Msimamizi wa Kampuni, mtu mmoja mnene anaitwa Feruzi, alikuwapo pale pale. Akasema yeye watu wake wako Wambaa tayari na mashoka. Atangoja mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Jibu likija kuwa makaa hayafai, ataondoka. Lisipokuja, atafyeka mikarafuu afungue shimo.

Nikamwambia, "Lisipokuja? Kwani kimya ni idhini?"

"Kwangu mimi, ndiyo."

Kimya ni idhini ya mwari anapoposwa, jamani, si ya mkarafuu! Bwana Mawe akanitazama ninyamaze. 

Wete hadi Kengeja, nisikokwenda

Lori la kusini dereva wake Kombo, mtu mcheshi, na Mungu atamuuliza. Nilimwambia Wambaa. Akasema, "Wambaa, yakhe, insha Allah." Abiria waliyaona makopo yangu matupu, makopo mazuri ya samli yenye vifuniko, wakaanza kunong'ona. Mwaka uliopita alipita mtu wa dawa ya safura na vikopo kama vile vile, akitaka kila mtu amtilie, mnajua nini. Mama mmoja akanisogezea mgongo. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu naye ni wa kukusanya?"

"Nakusanya udongo!" nikasema.

"Wa nani?"

Lori zima likacheka. Nilieleza vigamba, nikaeleza bahari, nikaeleza kanga. Wakanisikiliza vizuri sana, kisha yule mama akasema taratibu, kwa ile sauti yao ya kupanda na kushuka, "Maskini, wa Unguja huyu." Ikawa imekwisha, kila kitu changu kimeelezeka.

Tulipofika njia panda ya Wambaa, Kombo hakupunguza hata mwendo. Nikapiga bati. Nikapiga tena. Akatoa kichwa: "Kengeja kuna harusi, mpishi wao nimempakia hapa. Nikichelewa mimi, watu mia watalala na njaa kwa ajili ya udongo wako?" Basi nikapelekwa Kengeja, harusini kwa watu nisiowajua, nikaketishwa mkekani, nikalishwa wali mpaka pumzi ikakata. Pilau lilikuwa zuri. Hilo nalisema kwa haki, na sitalisema mara ya pili.

Kengeja hadi Wambaa, kwa miguu

Asubuhi Kombo alikuwa bado amelala, na lori lake limepambwa majani ya minazi kwa ajili ya bibi harusi. Nikashika njia. Pemba, nyie mnaosema ni kisiwa tu, ni vilima juu ya vilima. Unapanda, unashuka, unavuka bonde la mpunga, unapanda tena. Na kila ninayekutana naye hataki kunionyesha njia mpaka tusalimiane kwanza: hali yangu, ya nyumbani, ya Unguja, ya kazi, ya afya. "Wendapi?" Wambaa. "Kwa nani?" Kwa Bi Time. "Aa, Bi Time! Basi si mbali." Waliniambia si mbali tangu jua la asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Kwa Bi Time

Nilipiga hodi nikiwa nimevimba miguu na moyo. Akatoka mwanamke mrefu, mkavu, kanga mbili, uso wa kucheka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Usiseme kitu kwanza, kaa."

Akaniletea maji ya kunawa, akaniletea muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Jioni muhogo. Asubuhi muhogo na chai. Nikasema, Bi, nimeshiba, Wallahi. Akacheka: "Weye utashibaje na hujala?" Kuna jirani alileta bakuli la mchuzi wa pweza kwa ajili ya mgeni. Bi Time aliliosha lile bakuli, akalijaza mapera, akalirudisha. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo, chombo hakirudi kitupu. Akasema, "Wala nusu. Nusu ni mbaya kuliko tupu. Tupu mtu atasema umesahau. Nusu atasema umepima."

Jambo hilo nililipita hivi hivi, sikulitia akilini.

Nilimweleza yaliyonileta. Alikuwa keshasikia habari ya shimo, na kambi ya Feruzi ilikuwa inaonekana kutoka uani kwake, mahema mawili na watu wamelala kivulini. Akanipeleka kwenye mikarafuu. Mume wake aliipanda mwaka walipooana, na alikufa kabla ya kuona mavuno mazuri. Mwaka huu ilikuwa imebeba vibaya sana, matawi yameinama kwa vikonyo vya karafuu. Akashika shina moja akasema, "Mwanangu, hivyo vidude vyako vitasema kweli?"

"Vitasema, Bi. Havijui uongo."

"Basi chukua udongo upesi."

Nikachukua. Nilikwangua ngozi ya ukingo kwa panga, nikaingia ndani mpaka kwenye udongo mgumu wa kijivu, nikatoa vipande vya juu ya ukanda mweusi na vya chini yake. Udongo safi kabisa ulikuwa mchache, makopo mawili hayakufika hata nusu. Lakini ulinitosha, kijiko kimoja tu kina vigamba vya kuchagua siku nzima. Nikayaweka makopo barazani kwa Bi Time, nikaenda kusali Ijumaa.

Niliporudi, chakula kilikuwa tayari, na vifuniko vimefungwa vizuri kwa kamba ya makuti. Nikamshukuru kwa kamba. Akatazama chini kwa haya, akasema, "Si kitu, mwanangu." Nilipoyabeba niliona yamekuwa mazito. Nikalaumu muhogo.

Wambaa hadi Wete

Safari hii Kombo alinichukua bila harusi, lakini tulikwama matopeni na kulala Chake. Nikafika Wete nimechafuka mpaka masikioni. Siku zilikuwa bado zipo kabla ya mwezi, nikasema alhamdulillahi, tumewahi. Usiku ule ule, gizani, nikalimimina kopo la kwanza chunguni bila hata kulitazama, nikachemsha, nikachekecha, nikaanika, nikamwekea Bwana Mawe sahani yake chini ya hadubini. Akatazama kitambo kirefu. Kisha akaniita.

"Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Vilikuwamo vigamba vya zamani, vya rangi ya kijivu, vilivyojaa udongo ndani. Na katikati yake, vingi zaidi, vigamba vyeupe vinavyong'aa kama meno ya mtoto, vitupu ndani, na nyuzi za mizizi ya mikoko. Hivyo ni vya bahari ya leo. Wenyewe walikufa labda mwezi uliopita.

Bwana Mawe akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi, "Umechota ufukweni, halafu ukalala kwa watu ukala."

Mimi! Mimi niliyetembea vilima vyote vile! Nilimjibu maneno ambayo mtumishi hamjibu bwana wake. Nikaenda kulichukua kopo la pili, nililokuwa sijaligusa. Nikafungua mbele yake. Limejaa mpaka ukingoni, udongo wa pwani umeshindiliwa vizuri, na juu umelainishwa kwa kiganja, kama mwanamke anavyolainisha uso wa mkate kabla ya kuupalia makaa. Nikakaa chini sakafuni.

Nusu ni mbaya kuliko tupu.

Alikuwa ameona mgeni anaondoka kwake na makopo nusu. Akaona aibu, tena makopo yenyewe ndiyo yatakayomwokolea mikarafuu. Akashuka pwani akanijazia, udongo laini, mzuri, uliochaguliwa. Na hakusema, maana mwenye kutoa hatangazi. Nilikasirika jamani, siwafichi. Nilimkasirikia yeye, nikayakasirikia mapera, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuyaacha barazani kwa watu wakarimu kiasi kile.

Nilipomweleza Bwana Mawe, alinitazama akaniamini. Lakini umri hausomeki kwenye mchanganyiko ule: huwezi kujua kigamba kipi kilikuwa wapi. Akasema, "Chukua hadubini. Kachukue udongo mwingine, uoshe huko huko, usome huko huko. Unavijua kama ninavyovijua mimi. Umpe Feruzi jibu mkononi." Akaniandikia na karatasi ya kumwamuru aamini nitakalosema.

Wete hadi Wambaa, mara ya pili

Sasa sikilizeni, hapa ndipo hasira yangu yenyewe ilipo.

Kombo aliniapia tutafika kabla ya mwezi. Tukafika Chake, chuma cha chini kikakatika. Fundi yuko wapi? Fundi amekwenda kisiwani Fundo kumuangalia mama yake. Nikauliza punda. Hakuna punda, watu wote wamo katika matayarisho ya mfungo. Nikaibeba hadubini kichwani, sanduku lake zito kama kaburi, nikatoka kwa miguu. Jioni, niko bado njiani, nikasikia watoto kutoka kijiji hiki mpaka kile wanapiga makelele, "Mwezi! Mwezi umeandama!" Watu wanapeana mikono, wanatakiana heri. Nikapewa mkono na mimi. Maisha yangu yote nimeufurahia mwezi ule, lakini jioni ile niliutazama kama mtu aliyeniibia.

Nililala msikitini, nikala daku kwa watu, nikatoka alfajiri. Mashoka niliyasikia kabla sijaona nyumba.

Siku ya kwanza ya mfungo! Hata kuku hachinjwi asubuhi ile. Nilikimbia na lile sanduku nikipiga kelele, simameni, simameni. Waliposimama, ulikuwa umebaki mkarafuu mmoja, wa mwisho, karibu na uani. Mingine yote ilikuwa imelala kichwa chini kuelekea baharini, na karafuu mbichi zimetapakaa majanini, harufu yake imejaa mpaka machozi yanatoka. Bi Time alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani.

"Tulikubaliana mwezi," alisema Feruzi. "Sikupata habari."

"Habari ndiyo hii nimeibeba kichwani!"

"Imechelewa."

Nikamwambia akae pale pale asiguse ule mmoja. Nikaupiga panga ukingo mpaka mikono ikachubuka. Chungu cha Bi Time, kwa mfungo, mchana kilikuwa kimekaa bure, akanipa, akaniwashia moto yeye mwenyewe. Nikachemsha na magadi, nikachekecha, nikaanika juani juu ya sinia, na yule mnene amekaa juu ya magogo aliyoyakata. Alasiri nikaifungua hadubini. Udongo wa juu, udongo wa chini, vigamba vilikuwa sura moja, safi, bila shaka hata chembe. Si vya leo, lakini si vya zama za makaa ya bara, wala havikaribii. Ukanda ule ulikuwa mkaa mchanga. Hauna kazi.

Nikamwita Feruzi atazame. Akainama, akatazama kwa jicho moja kitambo kidogo, akaisoma karatasi ya Bwana Mawe, akaikunja.

"Basi," akasema. "Hapa hakuna kazi."

Basi! Hivyo tu! Kama mtu aliyegonga mlango si wake. Hakusema pole, hakusema samahani. Akawaambia watu wake wang'oe mahema. Kisha, mbele ya watu waliofunga, akasema yeye ni msafiri, ana ruhusa, akaomba maji ya kunywa. Nikafungua mdomo nimwambie pa kwenda kuyanywa. Bi Time akanishika mkono. Akainuka, akachota kata ya maji kutoka mtungini, imejaa mpaka inamwagika, akampa. Feruzi akanywa yote.

Walipoondoka, Bi Time akaomba na yeye atazame. Nikamrekebishia kioo. Akafumba jicho moja kwa kidole, akakaa pale muda mrefu.

"Kumbe vizuri hivi," akasema. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Na vile vya mwanzo, ulivyochukua kwanza, havikusema?"

Nyie mnanijua. Mimi mtu wa kusema. Nimegombana na Feruzi, nimegombana na Kombo, nimemjibu Mzungu wangu. Maneno yote yalikuwa yamekaa ulimini: Bi, ulinijazia. Angelijua, angelijiona yeye ndiye aliyeiangusha mikarafuu ya mumewe kwa viganja vyake. Na hakuiangusha yeye. Aliyeshika shoka ndiye aliyeangusha, na aliyesema kimya ni idhini.

"Lori, Bi," nikamwambia. "Lori la Kombo lilitukwamisha, udongo ukaingia maji, ukaharibika."

"Huyo Kombo!" akasema. "Huyo Kombo, Mungu amsamehe."

Kurudi

Nilikaa siku mbili. Majirani walikuja baada ya tarawehe na mchana pia, wakavichuma vikonyo vyote kwenye matawi yaliyolala, wakavianika mikekani, maana karafuu haijui kama mti wake umekufa. Nilichuma na mimi. Wakanicheka nilivyokuwa nikivunja vibaya, nikawaacha wacheke.

Asubuhi ya kuondoka nililikuta sanduku la hadubini limefungwa kamba ya makuti. Kando yake lilikuwa kopo langu la samli, lile nililotumia kupimia magadi, nikaliacha uani tupu. Nikaliinua. Lilikuwa zito. Nikafungua kifuniko: karafuu kavu, nzuri, zimejaa mpaka ukingoni, na juu zimelainishwa kwa kiganja.

"Bi," nikasema, "hizi ndizo ulizobaki nazo."

"Kwani mimi nimepima?" akaniuliza.

Bwana Mawe anatembea kwa fimbo sasa, na vigamba vya Wambaa viko kwenye kioo chake, vimeandikwa. Kombo amenitumia salamu kwa mtu, anauliza amemkosea nini Bi Time hata hataki kupanda lori lake wala kumjibu salamu. Sijamjibu. Atabeba hilo, ana mgongo mpana, na lile la harusi bado namdai.

Kopo ninalo hapa. Njooni mchukue karafuu za chai yenu, kila mmoja ajaze mkono, asichukue nusu. Na kama kuna mwenye ndugu Wambaa, msithubutu kumwambia, yasije yakamfikia Bi Time.